Fundi mwembamba mwenye lehemu 9.1: kisa cha ukoo mmoja wa Tanga

Mgonjwa ni mwanamume wa miaka 41, fundi baiskeli wa Ngamiani, mjini Tanga. Uzito kilo 61, urefu sentimita 172, presha 122 kwa 78, sukari kabla ya kula 4.9. Havuti sigara, hanywi pombe, na kutwa nzima yuko juu ya baiskeli au ameiinamia baiskeli ya mtu. Ukimpanga kwenye benchi la kliniki pamoja na wengine, utadhani amemsindikiza mgonjwa.

Lehemu yake ya jumla, yaani kolesteroli ya kwenye damu, ilikuwa milimoli 9.1 kwa lita. Ile nzuri, inayoandikwa HDL kwenye karatasi ya maabara, ilikuwa 1.2. Trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu, 1.3. Lehemu mbaya, yaani LDL, kwa hesabu ilitoka 7.3. Kwa mtu mzima asiye na tatizo jingine tunapenda ya jumla isipite 5 na mbaya isipite 3. Maabara nyingine hutoa majibu kwa miligramu kwa desilita, na hapo LDL yake ingesomeka takriban 282, kwa hiyo msomaji anayelinganisha karatasi yake na kisa hiki aangalie kwanza kipimo kilichotumika.

Hakuletwa na maumivu. Alikuwa haumwi popote. Mdogo wake wa miaka 38 alianguka baada ya swala ya Ijumaa na akafariki kabla ya kufikishwa hospitali. Miaka mingi nyuma, baba yao alikutwa amefia kwenye ngalawa akiwa na miaka 44. Msibani yakasemwa ya kusemwa: nyumba ile imechezewa, kuna mkono wa mtu. Mama yao, aliyekuja naye kliniki, alilieleza kwa namna yake: "Mwanangu, wanaume wa upande wa baba yao hawazeeki."

Baada ya arobaini, fundi alikwenda kupima kwenye kituo kimoja cha afya. Lehemu ya jumla ikatoka 9.4. Akaambiwa aache nyama, aache mayai, afanye mazoezi, apunguze uzito. Apunguze uzito, mtu wa kilo 61! Akatii. Miezi mitano hakugusa yai wala nyama, na aliporudi kupima akakuta 9.1. Hapo ndipo alipokata tamaa. Aliniambia, "Dokta, mayai nimeacha, nyama nimeacha, mafuta yako palepale. Sasa yale ya msibani niyakatae kwa lipi?"

Ushauri aliopewa hauna uongo ndani yake. Nyama yenye mafuta ipunguzwe, mazoezi yafanywe, hayo ni kweli kwa kila mtu. Lakini uliruka swali ambalo kwa kisa kama hiki lilipaswa kuulizwa kabla ya jingine lolote: kwenu nani amekufa ghafla, na alikuwa na umri gani? Swali hilo halihitaji mashine wala bima. Likiulizwa, mgonjwa anaacha kuwa mtu mmoja mwenye karatasi mbaya, na anakuwa ukoo.

Tulimwambia avue ndala, apige magoti juu ya kiti, visigino vielekee kwetu. Kano zote mbili za kisigino zilikuwa nene kupita kawaida, na ukizipitishia kidole unakutana na vinundu vigumu visivyouma. Alipokunja ngumi, vinundu vingine vidogo vilijitokeza juu ya vifundo vya vidole, vikisogea pamoja na kano kila alipokunja na kukunjua. Alikuwa navyo tangu ujana. "Hizi ni sugu za spana," alisema, na kwa fundi ni jibu la maana kabisa. Ila sugu huota kwenye ngozi. Hivi vilikuwa ndani ya kano yenyewe, na ni lehemu iliyojikusanya humo kwa miaka. Kwenye macho, mboni zilikuwa zimezungukwa na duara la kijivu. Kwa mzee wa miaka 70 duara hilo halina habari kubwa. Kwa mtu ambaye hajafika 45, lina habari.

Kuna jedwali la alama lililotungwa Uholanzi ambalo linatumika sehemu nyingi duniani kutambua lehemu ya kurithi bila kupima vinasaba. Ndugu wa damu wa karibu aliyepata ugonjwa wa moyo mapema ni alama 1. LDL kati ya 6.5 na 8.4 ni alama 5. Vinundu vya kwenye kano ni alama 6. Duara la jichoni lina alama zake 4, ila kwa dalili za mwilini huhesabiwa ile kubwa peke yake. Jumla ya fundi: 12. Ikizidi 8, ugonjwa unahesabiwa kuwa wa uhakika. Kwa vifo vya baba na mdogo wake hatukuwa na cheti kinachotaja moyo, tulikuwa na masimulizi ya watu tu. Lakini hata ukiifuta alama hiyo, bado anabaki na 11.

Kabla ya kulitamka jina la ugonjwa tuliondoa visingizio vingine vinavyoweza kupandisha LDL: tezi ya shingo iliyolegea, figo zinazovujisha protini, njia ya nyongo iliyoziba. Vyote vilikuwa safi. Trigliseridi ya kawaida nayo ilikuwa shahidi, maana mafuta yanayopandishwa na sukari, kitambi au pombe mara nyingi huiburuza trigliseridi juu pamoja nayo.

Sasa, yai lina kosa gani hapa? Dogo sana. Sehemu kubwa ya lehemu mwilini hutengenezwa na mwili wenyewe, ini likiwa mbele, na ini hilohilo ndilo linaloiondoa LDL kwenye damu kwa kutumia vipokezi vilivyo juu ya seli zake. Fikiria bandari ya Tanga enzi zile meli zilipokuwa zikitia nanga nje na mzigo ukivushwa kwa matishari hadi gatini: matishari yakiwa nusu, mzigo unabaki majini hata kama meli haziongezeki. Fundi alizaliwa na nusu ya matishari. Nakala moja ya jeni, aliyopewa na baba yake, haifanyi kazi. Ile ya mama inafanya. Hivyo LDL imekuwa juu tangu siku aliyozaliwa, na mishipa yake ya moyo imekuwa ikiogeshwa humo kwa miaka 41.

Kazi ya kuvumbua vipokezi hivyo ilifanywa Marekani na Michael Brown na Joseph Goldstein, na iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Jeni zinazohusika zaidi ni tatu: ya kipokezi chenyewe, ya protini ambayo LDL hushikwa nayo, na ya tatu iitwayo PCSK9, ambayo kazi yake ni kuviharibu vipokezi. Hii ya tatu inatuhusu kwa karibu. Mwaka 2003 iligunduliwa Ufaransa kwamba ikifanya kazi kupita kiasi, lehemu hupanda. Miaka mitatu baadaye ikaonekana upande wa pili: miongoni mwa Wamarekani weusi waliofuatiliwa kwa takriban miaka 15, asilimia 2.6 walikuwa na PCSK9 iliyozimika, LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28, na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulipungua kwao kwa asilimia 88. Kisha akapatikana mwanamke wa Zimbabwe aliyerithi nakala iliyozimika kwa wazazi wote wawili. LDL yake haikufika 0.5, naye alikuwa mzima wa afya. Nilimsimulia fundi habari hizi makusudi. Alikuwa amekuja akiamini kwamba urithi ni kitu kinachoua tu.

Lehemu ya kurithi ya aina yake humpata takriban mtu 1 kati ya kila 300 duniani. Sensa ya 2022 iliipa Jiji la Tanga watu karibu laki nne. Kama kiwango hicho kinashika na hapa, basi wapo wengine zaidi ya elfu moja mjini humu, na wengi wao wana sugu zao za spana. Bila tiba, karibu nusu ya wanaume wenye hali hii hupata tukio la moyo kabla ya miaka 50, na wanawake kama asilimia 30 kabla ya miaka 60. Ndiyo maana mama yule aliona wanaume tu. Wanawake wa upande ule walikuwa nayo vilevile, ila madhara yake yalichelewa kwao.

Shangazi wa Pangani alithibitisha. Miaka 64, dada wa marehemu baba. Alikuwa na vinundu viwikoni na visiginoni ambavyo kwa miaka ameambiwa ni baridi yabisi, akinywa vidonge vya maumivu kwa kitu kisichouma. LDL 6.6. Tulipomuuliza taratibu, akakiri kwamba kifua humbana akipanda ngazi na kwamba amezoea kupumzika katikati. Huyo hakusubiri: alianzishiwa dawa siku ileile na kupewa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Alikuja kama ndugu wa mgonjwa, kumbe yeye ndiye aliyekuwa karibu zaidi na hatari.

Watoto wa fundi ni watatu. Kila mmoja ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi, na bahati ya mmoja haimpunguzii wala haimwongezei mwenzake. Binti mkubwa wa miaka 19 alitoka na LDL 5.7. Mvulana wa miaka 13 alikuwa na 2.4. Wa mwisho, binti wa miaka 8, 5.2. Mama yao aliyapokea majibu kimya, kisha akauliza jambo ambalo naamini kila mama wa hapa angeuliza: "Huyu mkubwa ana posa. Nitawaambia nini watu?"

Na posa yenyewe ilikuwa ya ndani ya ukoo. Shangazi yule wa Pangani alikuwa amempelekea barua kwa ajili ya mjukuu wake. Hapa palihitaji subira. Mtu mwenye nakala moja mbovu akioa mwenye nakala mbili nzima, kila mtoto ana nafasi ya nusu ya kuwa kama fundi: hatari inayotibika. Lakini wakioana wawili ambao kila mmoja ana nakala mbovu, basi kwa kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuzipata zote mbili. Huyo ni mtoto wa namna nyingine kabisa. LDL yake huweza kupita 10, vinundu humtoka akiwa mdogo, na moyo wake unaweza kuziba mishipa kabla hajafika miaka 20. Dawa za kawaida kwake hazifui dafu, maana nyingi hutegemea vipokezi ambavyo hana.

Sikuzuia ndoa, na sioni kama ni kazi ya daktari kuzuia. Niliomba kitu kimoja: kijana naye apimwe. Nikasema pia kwamba binti hana aibu ya kuficha, kwa sababu anachobeba hakikutokana na tabia wala malezi, na akikitibu mapema ana kila sababu ya kuwazika wazee wake badala ya wao kumzika yeye. Kijana alipimwa, akatoka 2.6, kano safi, macho safi. Tulimweleza binti jambo jingine linalosahaulika sana kliniki: atakapotaka kubeba mimba aje kwanza, kwa kuwa dawa hizi kwa kawaida husimamishwa kipindi hicho.

Turudi kwenye chakula, kwa kuwa kuna hatari ya msomaji kuondoka na wazo kwamba kama ni jeni basi mle mnavyotaka. Watafiti wa Uholanzi waliufuatilia ukoo mmoja wenye jeni hii kwa karne mbili kwenda nyuma, wakahesabu vifo. Karne ya 19 wenye jeni hawakufa mapema kuliko watu wengine. Vifo vilianza kupanda baada ya 1915 na kufika kilele kati ya 1935 na 1964. Jeni ni ileile, damu ni ileile, kilichobadilika ni maisha yaliyoizunguka. Kadhalika Wachina wenye jeni hii wanaoishi China walikutwa na LDL ya chini kuliko Wachina wenzao wenye jeni hiyo waliohamia Kanada. Kwa hiyo fundi anaposema "babu yetu alikula nazi akafika miaka 80", hasemi uongo. Babu huenda aliibeba jeni hiihii. Ila alikula bada la muhogo na samaki, alivuta makasia, na hakuwahi kuona mafuta ya kukaangia yaliyotumika wiki nzima.

Nyumbani kwa fundi nazi iko kila siku: wali wa nazi, mbaazi za nazi asubuhi, mchuzi wa nazi jioni. Mke wake anakaanga viazi karai na kachori za kuuza, na mafuta ya karai yale huongezwa tu, hayamwagwi. Ni mafuta ya mawese yaliyoganda, ambayo karibu nusu yake ni mafuta ya aina inayopandisha LDL. Ya nazi yana zaidi ya hapo, kama asilimia 80 na kitu. Watu hukasirika ukiisema nazi vibaya huku pwani, nami nawaelewa, lakini ukilinganisha mafuta ya nazi na ya alizeti, ya nazi hupandisha LDL, na kwa mtu mwenye nusu ya vipokezi hilo si la kubembelezana.

Hatukumwambia mke aache nazi. Tuliketi naye tukapanga: tui bubu liondoke kwenye wali wa kila siku na libaki kwa sikukuu na wageni, siku nyingine tui la pili, jepesi, kwenye mboga tu. Bada lirudi mezani na vibua wa mchuzi wa ukwaju. Mbaazi, kunde na choroko ziendelee, kwa nazi kidogo, maana nyuzinyuzi zake hushika sehemu ya lehemu tumboni. Bamia nayo vivyo hivyo. Mafuta ya nyumbani yawe ya alizeti, na yale ya karai la biashara yasirudi kupikia watoto. Mayai tulimrudishia, machache kwa wiki, na uso wake ulibadilika pale kuliko kwa jambo jingine lolote tulilozungumza.

Mpango kama huo ukifuatwa vizuri hushusha LDL kwa asilimia 10 hadi 15. Kwa mtu mwenye 3.3 huenda ukamtosha kabisa. Kwa mwenye 7.3 unamfikisha kwenye 6 na ushei, na hapo bado yuko hatarini. Ndiyo hesabu ambayo hakuna aliyemwonyesha mwanzo. Vitunguu saumu, ndimu na maji ya moto, unga wa mlonge, vyote alikuwa ameshavijaribu.

Alianza atorvastatini miligramu 40 kila siku. Dawa za kundi hili zilianzia kwa Mjapani Akira Endo, aliyezitafuta kwenye kuvu miaka ya 1970, na zinachofanya ni kulibana ini litengeneze lehemu kidogo, nalo kwa kuihitaji huongeza vipokezi kutoka kwenye ile nakala nzima. Baada ya wiki nane LDL ikawa 3.8. Furaha ikawa kubwa, na ndipo kisa kikaharibika kidogo: fundi akaona amepona, akaacha. Miezi mitatu baadaye ilisoma 7.1. Nadhani neno "dawa" kwetu limefungamana na dozi inayokwisha, na ni wajibu wa anayeiandika kusema wazi tangu siku ya kwanza kwamba hii haina mwisho. Alirudishwa kwenye atorvastatini na kuongezewa ezetimibi miligramu 10, inayozuia lehemu kunyonywa utumboni. Kipimo cha mwisho: 2.9. Lengo letu kwake ni chini ya 1.8, hivyo atorvastatini inapanda hadi 80.

Aliulizia mfungo. Kidonge hiki humezwa mara moja kwa siku, saa yoyote, kwa hiyo futari au daku, achague mwenyewe na asibadilishebadilishe. Akiumwa misuli bila sababu au mkojo ukiwa mweusi, aje bila kungoja tarehe. Machungwa ya Muheza ale atakavyo, ila mabalungi aachane nayo, yanaikuza dawa hii mwilini kupita kipimo.

Binti mkubwa ameshaanza dozi ndogo. Kwa yule wa miaka 8 hatujaanza. Miongozo mingi inaruhusu kati ya miaka 8 na 10, na baba yake angependa ianze leo, kwa kuwa amewazika wawili. Tumekubaliana kwanza kurudia kipimo, chakula cha nyumbani kikiwa kimeshabadilika, ndipo tuamue. Mvulana wa 2.4 hana la kufuatiliwa zaidi ya lishe na michezo kama watoto wengine.

Waliobaki ni watoto wawili wa marehemu mdogo, wanaoishi na mama yao Korogwe. Wana miaka 6 na 9. Mama yao alikataa mara ya kwanza akihofia wataambiwa wana mkosi wa baba yao. Shangazi wa Pangani alikwenda mwenyewe kuzungumza naye, akamwonyesha visigino vyake. Wataletwa shule zikifungwa.